Mtoto Anayekataa Karanga

Mtihani wa hamu ya kula wa mtoto mwenye utapiamlo hauna mashine. Katika vituo vya afya vya Uvira na vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika, mama ananawa mikono, anamnawisha mtoto, kisha anaketi naye pembeni pasipo na kelele. Anapewa pakiti moja ya Plumpy'Nut, karanga iliyosagwa pamoja na maziwa ya unga, mafuta na sukari, gramu 92. Anafungua kona na kuikamua kidogo kidogo kwenye kidole. Kikombe cha maji kiko karibu, maana karanga ile inakausha mdomo. Muganga ana onyo moja tu: "Mama, usimulazimishe." Mtoto wa kilo saba au nane akimaliza angalau theluthi ya pakiti, na kama hana ugonjwa mwingine mzito, anarudi nyumbani na pakiti zake. Akifunga mdomo na kugeuza uso, analazwa.

Anayeona jambo hilo kwa mara ya kwanza hushangaa. Mtoto amebaki ngozi na mifupa, analetewa kitu kitamu, naye anakikataa? Vitabu vingi huanza historia ya hamu ya kula kwa panya wanene wa Marekani. Mimi naona inafaa kuanzia kwa mtoto huyu.

Kivu ilikuwa na jina lake kwa aina moja ya utapiamlo huo: bwaki. Miguu na uso vinavimba, nywele zinapauka na kuwa nyekundu, ngozi inabambuka, na mtoto ananuna mchana kutwa, hataki kucheza wala kula. Upande wa pili wa Afrika, katika Gold Coast ambayo leo ni Ghana, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliuandika ugonjwa huohuo mwaka 1933. Miaka miwili baadaye aliazima jina la ugonjwa huo kutoka kwa Waga, watu wa huko: kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC, na makao yake yakajengwa Lwiro, si mbali na Bukavu. Tawi lake la Uvira lilichunguza Ziwa Tanganyika na samaki wake. Ndilo leo tunaliita CRH, kituo cha utafiti wa hidrobiolojia. Huko Lwiro, katika miaka ya 1960, daktari wa watoto Henri Vis kutoka Brussels na wenzake walifuatilia watoto wenye bwaki. Yaani taasisi moja ilikuwa inachunguza ndagala kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine inawapima watoto ambao ndagala hao hawakuwafikia. Mwaka 1965 Bukavu ikapata hata kamati yenye jina la ugonjwa wenyewe, Comité Anti-Bwaki.

Dawa iliyohubiriwa wakati ule ilikuwa protini: samaki, maharagwe, maziwa. Swali la kwa nini mtoto hataki kula lilikaa nyuma, kwa sababu wengi waliamini njaa ni shauri la tumbo. Mwaka 1912 Walter Cannon wa Harvard alikuwa ameonyesha hivyo, au alidhani ameonyesha. Mwanafunzi wake Washburn alimeza puto, likapimwa tumboni, ikaonekana tumbo linajikaza kila anaposikia njaa. Lakini watu waliotolewa tumbo lote kwa upasuaji waliendelea kuwa na njaa. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson waliharibu sehemu ndogo chini ya ubongo wa panya, haipothalamasi, na panya wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1953 Jean Mayer akapendekeza kwamba ubongo husoma sukari iliyomo katika damu, na ikipungua ndipo mtu anatafuta chakula.

Mgonjwa wa sukari hakuhitaji kungoja Mayer. Tangu insulini ianze kutumiwa Toronto mwaka 1922, kila aliyejidunga dozi kubwa kuliko chakula chake amelijua jambo hilo mwilini mwake: jasho, kutetemeka, moyo mbio, na njaa ya ghafla inayomfanya atafute sukari hata usiku wa manane. Tumbo lake linaweza kuwa halijawa tupu bado. Anayelalamika ni ubongo, ambao peke yake hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu za mwili uliopumzika.

Sukari ilieleza njaa ya saa moja, haikueleza ya miezi. Kampala, Roger Whitehead na wenzake walipima insulini na kortisoli za watoto waliokuwa wakielekea kwenye kwashiorkor, na kuonyesha kwamba homoni zinavurugika kabla mtoto hajavimba. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman wa New York akaipata leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo akiba iliyobaki. Mwaka 1999 Wajapani Kojima na Kangawa wakaipata ghrelini, inayotoka tumboni na kupanda kabla ya mlo. Kumbe tumbo la Cannon nalo lilikuwa na neno lake, ila lilipitia kwenye damu.

Magazeti ya Ulaya yaliichukua leptini kama dawa ya unene. Haikuwa hivyo: watu wengi wanene wanayo tele, ubongo wao ndio hauitiki. Mwaka 1996 Rexford Ahima, aliyesomea udaktari Ghana, akiwa na wenzake Boston, alionyesha kazi nyingine ya leptini. Panya akifunga kula, leptini inaporomoka, na ubongo unaanza kubana matumizi: uzazi unasimama, homoni za tezi ya thairoidi zinashuka. Ni homoni ya wenye njaa kuliko ya wanene. Mwaka 2014 watafiti walioshirikiana na Hospitali ya Mulago, Kampala, walitoa matokeo ya watoto wenye utapiamlo mkali: waliokuwa na leptini ya chini zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Kwa hesabu hiyo mtoto aliyekonda angepaswa kulilia chakula. Lakini mwili unaopigana na nimonia, au kuhara ambako Uvira inakujua sana, hutoa kemikali zinazokwenda kwenye haipothalamasi hiyohiyo na kuizima hamu. Sauti hii huishinda ile ya akiba iliyoisha. Ndiyo maana muganga halazimishi. Uso uliogeuzwa unampa habari za damu ambazo kituo hakina chombo cha kuzipima.

Mtoto akilazwa, kazi ya kwanza ni sukari, kabla ya protini yoyote. Pasipo na glukosi ya hospitali, maelekezo yanaruhusu kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilichojaa, katika vijiko vikubwa vitatu na nusu vya maji, kwa sababu usiku sukari ya damu yake inaweza kushuka akafa kimya, bila hata kulia. Baadaye maziwa ya F-75, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, mchana na usiku.

Wazee wa hapa bado wanakumbuka wakati kijiko hicho kilijazwa sukari ya Kiliba, kutoka mashamba ya miwa ya uwanda wa Ruzizi, kabla ya vita vya 1996 kukinyamazisha kiwanda. Siku ya tatu au ya nne, mambo yakienda vizuri, mama anapewa tena ile pakiti, anafungua kona, anaweka karanga kwenye kidole, na kungoja.