Kusimika PHP kwenye seva: Machaguo ya mwanzo huamua kazi ya baadaye

HOSPITALI inapoacha majalada ya karatasi na kuhifadhi taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta, utulivu wa kazi hiyo hutegemea pia namna programu za seva zilivyosimikwa. Mojawapo ya programu hizo ni PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995. Mfumo wa hospitali wa Care2x, uliowahi kutumika katika hospitali kadhaa za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), umeandikwa kwa PHP.

Zipo njia mbili za kuisimika. Ya kwanza ni kutumia kifurushi kilichokwisha kutayarishwa na watengenezaji wa mfumo wa Linux, na hiyo huwatosha wengi. Ya pili ni kuijenga kutokana na msimbo wake wa asili. Njia hii hufaa pale kifurushi kinapokosa kipengele kinachohitajika, au matoleo mawili yanapotakiwa kukaa pamoja kwenye seva moja.

Anayechagua njia ya pili huanza kwa amri ya ./configure, na hapo ndipo machaguo hufanyika. Chaguo la --prefix hutaja saraka ambamo PHP itawekwa. Lisipotajwa, huwekwa /usr/local. Chaguo la --with-apxs2 huiunganisha na seva ya Apache, ilhali --enable-fpm huiwezesha kujitegemea nyuma ya seva nyingine. Chaguo la --with-mysqli huiruhusu kuzungumza na hifadhidata ya MySQL, --with-openssl hushughulikia mawasiliano ya siri, na --enable-mbstring hushughulikia maandishi ya lugha mbalimbali.

Maktaba ya lazima ikikosekana, ./configure husimama na kuitaja. Hata hivyo, kipengele ambacho fundi amesahau kukiomba hakitatolewa taarifa yoyote. Ujenzi utakamilika kwa make na make install, lakini mfumo utakwama siku unapotafuta hifadhidata. Kwa sababu hiyo, amri ya php -m, inayoorodhesha vipengele vilivyomo, yafaa kutumika kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa.

Aidha, mifumo ya zamani ina mtego wake. PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, iliondoa kipengele cha awali cha mysql, na mifumo iliyokitegemea haiendi bila kurekebishwa. Kubaki na PHP 5.6 si kinga, kwa kuwa marekebisho yake ya usalama yalikoma mwishoni mwa mwaka 2018.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kumbukumbu. Seva iliyojengwa kwa mkono haisasishwi pamoja na vifurushi vya Linux. Kila toleo jipya la usalama hudai ijengwe upya. Katika kata kama Kolandoto, Manispaa ya Shinyanga, yenye hospitali na chuo cha afya, fundi aliyeijenga anaweza kuwa amekwisha kuhamia Mwanza au Geita siku hiyo itakapofika.

Faili liitwalo config.nice, ambalo ./configure huliandika lenyewe katika saraka ya ujenzi, hubeba machaguo yote yaliyotumika. Likinakiliwa na kutunzwa nje ya seva pamoja na faili la php.ini, fundi mwingine ataweza kuijenga PHP ileile bila kubahatisha.