Tozo

Tozo ni malipo anayotozwa mtu kwa tendo mahususi, kama kuvuka daraja au kutuma pesa. Nchini Tanzania neno hili lilivuma Julai 2021, serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Lengo lilikuwa mapato. Wachumi huuliza kwanza mlipaji atakwepea wapi. Anayeona makato yamezidi hukaa na noti zake mfukoni, au humkabidhi kondakta wa basi bahasha ya kumpelekea mama kijijini. Hapo serikali hukosa tozo, wakala wa pesa za simu hukosa kamisheni, na bahasha huweza kupotea njiani. Septemba 2021 tozo hiyo ya miamala ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena.