Ufizi na Kiini cha Jino: Historia ya Maradhi Yanayokutana

Jino huingiliwa na maradhi kwa njia mbili. Likitoboka, bakteria hufika kwenye kiini, penye neva na mishipa ya damu, kisha huteremka katika mfereji wa mzizi. Ukoga ukijikusanya, ufizi huachana na jino, na mfupa unaolishikilia huliwa polepole. Njia hizo hukutana kwenye ncha ya mzizi na katika vijifereji vya pembeni. Makutano hayo yalichelewa kutambuliwa.

Pierre Fauchard, aliyechapisha kitabu chake cha udaktari wa meno mjini Paris mwaka 1728, alieleza maradhi ya meno na ya fizi. Katika miaka ya 1870 John Riggs wa Hartford, Marekani, alitibu fizi zenye usaha kwa kukwangua ukoga, na ugonjwa ukapewa jina lake. Mwaka 1890 Willoughby Miller, aliyefanya kazi Berlin, alichapisha utafiti wake kuhusu vijidudu vya kinywani.

Mwaka 1910 William Hunter, daktari wa London, alihutubia Montreal na kushutumu meno yaliyovikwa dhahabu juu ya usaha, akiyataja kuwa chanzo cha maradhi ya mwili. Kwa miongo kadhaa baadaye, meno mengi yenye kiini kilichokufa au ufizi mbovu yaling'olewa. Jino likishang'olewa, hapakuwa na haja ya kuuliza ni maradhi gani yalitangulia.

Swali hilo lilirudi meno yalipoanza kuokolewa. Mwaka 1964 watafiti Simring na Goldberg walieleza jinsi uambukizo wa kiini unavyoweza kuharibu ufizi kutokea ndani. Mwaka 1965 mtafiti Kakehashi na wenzake walitoboa meno ya panya: panya wa kawaida viini vyao vilikufa, lakini wale waliolelewa bila vijidudu viini vyao vilibaki hai. Mwaka 1972 watafiti Simon, Glick na Frank waliyapanga maradhi haya yanayokutana kwa chanzo chake: kiini, ufizi, au vyote viwili.

Mpango huo ndio ulioweka utaratibu wa tiba. Daktari hupima kama kiini kingali hai, hupima kina cha mfuko wa ufizi na kupiga eksirei. Kiini kikiwa kimekufa, mfereji husafishwa na kuzibwa kwanza. Mfupa hupewa miezi ya kupona, ndipo ufizi uliosalia na ugonjwa utibiwe. Uainishaji wa maradhi hayo uliotolewa mwaka 2018 hutazama zaidi kama mzizi umepasuka au kutoboka, kwa kuwa hilo huathiri sana uwezekano wa kuokoa jino.