Upangaji wa uchunguzi wa anga kwa kamera ya uwanja mpana

Upangaji wa uchunguzi wa anga kwa kamera ya uwanja mpana ni kazi ya kuamua, kabla ya usiku kuingia, darubini kubwa ielekezwe wapi, saa ngapi, kwa kichujio kipi na kwa mpangilio gani wa picha. Kamera ya uwanja mpana hupiga eneo kubwa la anga kwa mara moja, tofauti na kamera nyingi za darubini kubwa ambazo huona kipande kidogo tu.

Mfano mmojawapo ni Dark Energy Camera (kifupi: DECam), inayotumika tangu mwaka 2012 kwenye darubini ya Víctor M. Blanco yenye kioo cha mita 4, huko Cerro Tololo nchini Chile. Ina chipu 62 za kupigia picha, na uwanja wake ni nyuzi za mraba 3 hivi. Eneo hilo lingeweza kujazwa na miezi mipevu 14.

Hesabu ya usiku mmoja

Muda wa darubini kubwa hugawiwa na kamati zinazopitia maombi ya wanaastronomia. Anayepewa usiku 2 au 3 hana pa kudai mawingu yakitanda, kwa hiyo kila dakika hupangiwa kazi mapema.

Tuchukue mfano. Picha moja ya sekunde 90, ikiongezwa nusu dakika ya kusoma chipu na kugeuza darubini, hutumia dakika 2. Saa 8 za giza zinatoa picha 240. Ukizizidisha kwa nyuzi za mraba 3 unapata 720, na hesabu inaonekana nzuri. Lakini kati ya chipu na chipu kuna nafasi zisizoona kitu. Ili kuziba mapengo hayo darubini husogezwa kidogo na eneo lilelile kupigwa tena, tuseme mara 3. Kama mtafiti anahitaji vichujio 4 ili kupima rangi za nyota, kila eneo linataka picha 12. Usiku mzima sasa unatosha maeneo 20 tu, yaani nyuzi za mraba 60. Wengi hukosea hapa: hupanga kwa hesabu ya kwanza wakasahau ya pili.

Picha nyingi fupi hupendelewa kuliko moja ndefu pia kwa sababu nyota angavu hujaza chipu haraka na kuharibu vipimo vyake.

Mahali na majira

Gimba la angani huonekana vizuri zaidi likiwa juu, kwa sababu nuru yake hupita katika hewa kidogo. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, liko nyuzi 70 hivi kusini mwa ikweta ya anga. Mbeya na Mbalizi ziko nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Huko wingu hili halipandi zaidi ya nyuzi 29 juu ya upeo, na nuru yake hupita katika hewa maradufu ya ile ya utosini. Kutoka Cerro Tololo, nyuzi 30 kusini, hupanda hadi nyuzi 50, na hewa ni mara 1.3 tu.

Tena linafika juu kabisa usiku wa manane mwezi Desemba. Nyanda za Juu Kusini huwa katika mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati kule Chile ni kiangazi na anga ni safi. Anayetaka kujua kwa nini darubini kubwa zimejaa Chile, ajaribu kuitazama galaksi hii kutoka Mbalizi wakati wa Krismasi.

Mwezi na vichujio

Nuru ya Mwezi hutawanywa angani, hasa ile ya bluu. Picha za kichujio cha bluu au kijani huwekewa siku za mwezi mwandamo, na siku za mwezi mpevu huachiwa vichujio vya nuru nyekundu na infraredi. Kamera nazo hutofautiana. DECam hubadilisha kichujio kwa sekunde chache, lakini Hyper Suprime-Cam ya darubini ya Subaru, Hawaii, huhitaji karibu nusu saa. Mpangaji wa Subaru hujitahidi kubadilisha mara chache iwezekanavyo.

Mpango unapovunjwa

Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano kutoka nyota nyutroni 2 zilizogongana yalipokewa duniani. Galaksi zilimotokea, NGC 4993, ilikuwa ikielekea kutua magharibi muda mfupi baada ya machweo ya Chile. DECam iligeuzwa upande huo na ikawa miongoni mwa kamera zilizoona mwanga wa mgongano. Uwanja mpana ulisaidia, kwa kuwa eneo la kutafutwa lilikuwa kubwa kuliko ambavyo kamera ya kawaida ingemaliza kabla ya kutua.

Ratiba za kompyuta na picha za wazi

Katika paoneaanga pa Vera C. Rubin, Chile, palipotoa picha za kwanza Juni 2025, programu ya kompyuta ndiyo huchagua eneo linalofuata usiku kucha. Kioo ni cha mita 8.4 na kamera ina megapikseli 3200.

Picha za DECam huwekwa wazi kwenye intaneti baada ya kipindi maalumu, hivyo mwanafunzi wa Mbeya au Iringa anaweza kuzipakua bila malipo. Mwanzoni mwa kila faili mmeandikwa saa, kichujio, sekunde za picha na kiasi cha hewa kilichopitiwa na nuru. Maelezo hayo yasomwe kabla ya kupima chochote, maana nyota ileile huonekana hafifu zaidi katika picha iliyopigwa karibu na upeo.