Je, kula pipi na vitu vitamu kwa wingi kunaleta kisukari?

Kila tunapogusa mada ya kisukari redioni, swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji huwa ni hilihili: mtu anayependa pipi, au anayetia vijiko vinne vya sukari kwenye chai, atapata kisukari? Jibu fupi ni kwamba pipi peke yake haileti kisukari, lakini mazoea ya kula na kunywa vitu vitamu kwa wingi yanaweza kumfikisha mtu huko taratibu. Tunaeleza hapa kwa sababu kutojua kunaumiza watu wa pande mbili: wazazi wanaolaumiwa bure, na watu wazima wanaojiona salama kwa kuwa hawapendi sukari.

Kisukari ni nini?

Ugali, wali, ndizi, muhogo na maandazi, vyote vikishasagwa tumboni hutoa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia kwenye damu. Ili itoke kwenye damu na kuupa mwili nguvu, inahitajika insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho. Kisukari hutokea insulini inapokosekana, inapopungua, au mwili unapoacha kuiitikia. Sukari hujaa kwenye damu, na ikizidi sana hutoka kwenye mkojo. Ndiyo sababu wazee huogopa wakiona sisimizi wamekusanyika mahali mtu alipokojoa. Kwa hiyo jina la ugonjwa linaeleza sukari iliyozidi mwilini. Halisemi kwamba mgonjwa alikula sukari nyingi.

Aina ya kwanza: pipi hazihusiki

Aina hii huwapata zaidi watoto na vijana. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Haisababishwi na pipi, wala si kosa la mama. Mtoto huyu anahitaji insulini kila siku, maisha yake yote. Kumwachisha sindano ili atumie mitishamba au aombewe tu kunaweza kumuua ndani ya siku chache.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda ingawa anakula, na kuanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Akifikia kutapika, kuumwa tumbo, kuhema kwa nguvu na kulegea, wengi hudhani ni malaria. Malaria apimwe, lakini mzazi aombe na sukari ipimwe siku hiyohiyo. Ni tone moja la damu ya kidoleni, na majibu hutoka papo hapo.

Aina ya pili: hapa ndipo utamu unapoingia

Zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi wana aina hii. Mwili hauiitikii insulini vizuri, kongosho linalazimika kutengeneza nyingi zaidi, na baada ya miaka linachoka. Yanayochangia ni uzito uliozidi, hasa mafuta ya tumboni, kutoushughulisha mwili, umri mkubwa, na kuwa na ndugu wa damu wenye kisukari. Mama aliyepata kisukari akiwa mjamzito naye yuko kwenye hatari zaidi.

Vitu vitamu huongeza hatari hasa kwa kuongeza uzito. Vinywaji ndivyo vinavyodanganya zaidi, kwa sababu havishibishi na hatuvihesabu kama chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko vidogo 12, na ikiwezekana abaki kwenye sita. Soda moja ya mililita 350 mara nyingi ina vijiko vinane au zaidi. Ukinywa na chai vikombe viwili vya vijiko vitatu kila kimoja, umeshapita 12. Asali, sukari guru na juisi ya miwa navyo vinahesabiwa.

Na asiyetumia sukari je?

Naye anaweza kuugua. Fikiria mtu aliyekuwa akilima kwa jembe na kutembea kwa miguu hadi sokoni. Sasa anashinda juu ya bodaboda, lakini kilima cha ugali ni kilekile na mboga ni kidogo. Kitambi kinakuja bila pipi hata moja. Anachohitaji ni kupunguza ugali, kuongeza mboga za majani na maharage, na kutembea haraka walau nusu saa siku nyingi za wiki.

Mgonjwa mwenye pipi mfukoni

Usimnyang'anye. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, sukari yake inaweza kushuka ghafla. Hutetemeka, hutokwa jasho na huongea ovyo kama mlevi. Mpe haraka vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au soda ya kawaida. Akiwa amepoteza fahamu usimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Pima lini?

Aina ya pili inaweza kukaa miaka bila dalili, huku ikiharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Kama una kitambi, una ndugu mwenye kisukari, una vidonda visivyopona au ganzi miguuni, nenda ukapime asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha 7.0 au zaidi kinaonyesha kisukari, na kwa kawaida hurudiwa siku nyingine ili kuhakikisha. Kikiwa kati ya 6.1 na 6.9, hujawa mgonjwa bado, na una nafasi nzuri ya kurudi nyuma. Anza na soda ya leo.