Jumba la Majestic, Zanzibar: Nani Aliyezima Sinema?

Anayepita Vuga mjini Zanzibar huliona jumba la Majestic hata kama hakulitafuta. Halifanani na nyumba za mawe na chokaa wala milango ya nakshi iliyoupa Mji Mkongwe sifa yake. Ni jengo la katikati ya karne ya 20, lenye mistari iliyonyooka, lililojengwa kwa ajili ya kuonyeshea picha. Kwa nje bado linasimama kwa heshima. Ndani mambo ni mengine: paa la ukumbi limeanguka, na mahali ambapo watu walisubiri giza ili picha ianze, sasa jua linaingia moja kwa moja.

Mwanafunzi wa historia akisimama mbele ya jengo kama hili hujiuliza swali moja: nani aliyezima sinema? Majibu ya haraka ni mawili. Wengine husema ni Mapinduzi ya 1964. Wengine husema ni video. Insha hii inaona kwamba kila jibu lina nusu ya ukweli tu. Sinema ya Zanzibar ilikuwa desturi kabla ya kuwa jengo, na desturi hiyo haikufa siku moja. Ilikatwa kipande baada ya kipande, hadi jumba likabaki peke yake.

Tuanze na asili yake. Mahali hapo palikuwa na jumba jingine, Royal, lililofunguliwa mwaka 1921. Aliyelijenga ni Hassanali Jariwalla, mfanyabiashara wa Zanzibar mwenye asili ya Kihindi. Royal iliteketea kwa moto, na Majestic ikajengwa mahali pake na kufunguliwa mwaka 1955. Msanifu wake, Dayalji Pitamber Sachania, naye alikuwa wa jamii ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Jambo hili lina uzito. Tumezoea kufundishwa kwamba kila kilichokuwa cha kisasa katika miji yetu kililetwa na serikali ya kikoloni. Majumba ya sinema ya pwani yalijengwa zaidi na wafanyabiashara wa hapa hapa, walioishi mtaa mmoja na wateja wao na kujua wanapenda nini. Mwaka 1951 lilikuwa limeshafunguliwa jumba la Sultana, na Empire nalo lilikuwapo. Mji mdogo kama ule ulikuwa na uwezo wa kulisha majumba matatu.

Uwezo huo ulitoka kwa watu wa kila hali. Tofauti na Afrika Kusini, ambako sheria iliwatenga watazamaji kwa rangi, katika sinema za Zanzibar kilichomgawa mtu ni bei ya tiketi. Mwenye pesa nyingi alikaa pazuri, mwenye chache alikaa mbele karibu na pazia. Hatupaswi kuremba hali hiyo: mkoloni aliigawa jamii kwa kabila na rangi, na mwenye pesa nyingi mara nyingi hakuwa Mwafrika wa Ng'ambo. Hata hivyo mchukuzi wa bandarini na tajiri wa Mji Mkongwe waliingia ukumbi mmoja, wakailia picha moja, na kesho yake wakawa na hadithi moja ya kusimulia.

Picha zilizopendwa zaidi zilikuwa za Kihindi. *Awara* ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilitazamwa na watu wasiojua neno la Kihindi, kwa sababu mgogoro wa mtoto na baba, na wa mapenzi na heshima ya ukoo, haukuhitaji mkalimani. Jumapili ilikuwa siku ya familia. Watu walivaa nguo nzuri na kutoka pamoja, na tiketi zilipokwisha dirishani, walanguzi waliziuza mitaani kwa bei ya juu. Palikuwa pia na maonyesho ya wanawake pekee. Kwa mwanamke ambaye desturi haikumruhusu kuchanganyika na wanaume hadharani, hapo palikuwa mahali pa kutoka, kuonana na wenzake na kucheka kwa sauti.

Je, Mapinduzi ya Januari 1964 yalikomesha haya? Yalibadilisha mengi. Serikali iliyachukua majumba ya sinema, na Sultana, ambalo jina lake halikuweza kubaki baada ya usultani kuangushwa, likaitwa Cine Afrique. Wengi wa wakazi wa zamani wa Mji Mkongwe, wenye asili ya Kiarabu na ya Kihindi, waliondoka visiwani. Lakini watazamaji hawakuisha. Bara nako, miaka mitano baada ya uhuru, Dar es Salaam ilipata sinema ya kutazamwa ndani ya gari, iliyofunguliwa mwaka 1966. Katika miaka ya 1970 vijana walijaa kumtazama Bruce Lee kama wazazi wao walivyojaa kumtazama Raj Kapoor. Kama siasa ingetosha kuua sinema, ingekuwa imekufa mapema zaidi.

Kilichokatika ni uhusiano kati ya mwenye jumba na mtazamaji. Mfanyabiashara wa zamani alipokosea kuchagua picha, alipata hasara wiki hiyo hiyo. Serikali haikuishi kwa tiketi za Jumapili. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970, picha mpya na vipuri vya mashine havikuweza kuwa mbele ya chakula na dawa. Wakati huo Zanzibar ilikuwa tayari na televisheni ya rangi, iliyoanzishwa mwanzoni mwa muongo huo, na katika miaka ya 1980 zikaja kanda za video. Video ilikuta ukumbi uliokwisha kuchakaa. Iliupa msukumo wa mwisho, lakini haikuwa ya kwanza kuusukuma.

Ulinganisho na Uganda unasaidia. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi, wakiwemo wenye majumba ya sinema. Jumba la Norman mjini Kampala baadaye likawa kanisa. Lakini Waganda hawakuacha kutazama picha pamoja. Walihamia kwenye vibanda vya video, ambako mfasiri huizungumza filamu kwa Kiganda huku ikiendelea. Bara Tanzania wanavyo vibanda umiza. Benchi ni gumu na joto ni kali, lakini kiingilio kinalipika. Hii inaonyesha kwamba hamu ya kukaa pamoja gizani na kufuata hadithi moja haikufa. Iliyokufa ni nafasi ya heshima ya kufanyia hivyo, na aliyeikosa zaidi ni mwanamke. Vibanda vingi vimekuwa mahali pa vijana wa kiume, na yule aliyekuwa na onyesho lake kule mjini amebaki na televisheni ya nyumbani.

Kwa kuhitimisha, Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na wapo wanaopigania Majestic ikarabatiwe. Nia hiyo ni njema. Lakini historia iliyoelezwa hapa inatupa kipimo cha kuihukumu kazi hiyo. Paa likirudi na rangi ikipakwa, kisha kiingilio kikawa cha mtalii peke yake, tutakuwa tumekarabati kuta. Majestic itakuwa imerudi siku mama wa Ng'ambo atakapoweza kununua tiketi yake na ya watoto wake Jumapili jioni, bila kulazimika kufikiri mara mbili.