Udongo wa bondeni watunza historia ya mvua na mmomonyoko

KATA ya Kinyangiri, iliyoko katika Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, ni sehemu ya uwanda wa kati wa Tanzania, eneo la miamba ya kale ya graniti ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, takriban kati ya Novemba na Aprili. Kabla ya Mkalama kuwa wilaya mwaka 2012, kata hiyo ilikuwa katika Wilaya ya Iramba.

Katika uwanda huo udongo hubadilika kadiri mtu anavyoteremka. Juu, karibu na miamba, aghalabu huwa mwekundu au wa changarawe. Kwenye mteremko huwa wa kichanga. Bondeni ni mbuga, udongo mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika. Wakulima waliujua mpangilio huo kabla ya wataalamu, na Wasukuma wana jina kwa kila aina: ule wa kichanga huuita luseni.

Aliyeupa mpangilio huo jina la kisayansi ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, mkoani Tanga. Mwaka 1935 alipendekeza neno katena, ambalo kwa Kilatini maana yake ni mnyororo. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu mbalimbali za Tanganyika akichunguza udongo. Alifariki dunia mwaka 1942, na taarifa ya safari hiyo ilichapishwa mwaka 1947.

Hoja ya Milne ilikuwa kwamba udongo wa kilimani na wa bondeni haufai kutazamwa mbalimbali. Maji huuunganisha: kinachochukuliwa juu hulazwa chini. Leo neno katena hutumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote.

Kutokana na hoja hiyo, bonde ni mfano wa daftari la kumbukumbu. Kila tabaka la mchanga lililolala chini ya mteremko ni ushahidi kwamba wakati fulani ardhi ya juu ilikuwa wazi na mvua ikaikokota. Swali lililobaki kwa miaka mingi ni lini jambo hilo lilitokea, na nani au nini kilisababisha.

Swali hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika Wilaya ya Kondoa, inayopakana na Mkoa wa Singida. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechimbwa na makorongo makubwa, na mwaka 1973 serikali ilianzisha Mradi wa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,256. Uoto ulirejea, lakini kaya nyingi zilikosa maziwa, samadi na akiba yao ya ng'ombe.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walilichunguza eneo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2000 Mats Eriksson na wenzake walichapisha matokeo ya kupima umri wa mchanga uliolala kwenye miteremko ya Irangi. Njia waliyotumia huzingatia kwamba chembe za mchanga zikifukiwa hukusanya nishati kidogo kidogo, na nishati hiyo hufutika zinapopigwa na jua. Kwa kupima kiasi kilichokusanyika, hujulikana ni lini chembe hizo ziliona mwanga kwa mara ya mwisho.

Majibu yalionyesha vipindi viwili. Cha kwanza ni cha kati ya miaka 14,500 na 11,400 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa ikitoka katika zama za barafu. Ukame ulikuwa umepunguza mimea, na mvua kubwa ziliporudi zilikuta ardhi haina kifuniko. Kipindi cha pili ni cha miaka 900 hivi ya karibuni, na hicho kinahusishwa zaidi na watu kufyeka misitu kwa ajili ya makazi na kilimo.

Matokeo hayo hayamwondolei mfugaji wala mkulima wajibu. Yanaonyesha, hata hivyo, kwamba makorongo ya Irangi hayakuletwa na kizazi kimoja wala na ng'ombe peke yao, na kwamba mabadiliko ya mvua yaliweza kuivua miteremko udongo hata pale ambapo hapakuwa na jembe.

Katika vipindi vyote viwili kilichoamua ni kifuniko cha ardhi. Majaribio yaliyofanywa Mpwapwa katika miaka ya 1930 yalionyesha kwamba kwenye ardhi tupu karibu nusu ya maji ya mvua hutiririka na kupotea, ilhali chini ya kichaka karibu yote huzama ardhini.

Kwa maeneo ya graniti kama Kinyangiri, funzo ni kwamba hifadhi ya mbuga huanzia kilimani. Mchanga unaofukia shamba la bondeni au kujaza bwawa la kijiji umetoka juu, mara nyingi katika shamba la jirani. Na iwapo mvua zitazidi kuchelewa na kisha kunyesha kwa kishindo, mteremko usio na majani utapoteza udongo kama ulivyoupoteza zamani, safari hii ukiwa na watu wanaoutegemea kwa chakula.